Mkalimani wa Wodi ya Tisa

Mtihani niliufanyia Kottayam, chumba chenye feni mbovu,
ada yake mshahara wa baba wa miezi miwili.
Kwenye spika ilisema sauti iliyopigwa pasi,
kila neno limefungwa vifungo mpaka shingoni.
Nikafaulu. Wakanipa cheti: Jincy anajua Kiingereza.

Kisha Ashington, kaskazini mwa Uingereza,
mji wa makaa yaliyokwisha.
Zamu ya usiku, kitanda cha dirishani,
mzee Norman Harbottle, miaka arobaini na mmoja chini ya ardhi,
kifua kikivuma kama mvukuto uliotoboka.
Akafumbua macho, akaniomba chambo.

Chambo! Nikadhani homa imempeleka kuvua.
Nikampapasa paji. Akasonya, akaomba tena.
Kamusi haikunifaa, wala simu;
aliyenifaa ni Doreen mfagiaji, mzawa wa hapo hapo:
"Chambo ni chakula, mwanangu. Mkate wa kushuka nao shimoni."
Nikaandika kiganjani kwa kalamu ya buluu.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake, cheti kikiwa kabatini.
Akisema "tupe miwani," ni yeye peke yake:
"sisi" ya kwao ni "mimi" iliyoinamisha kichwa.
Nami nikamuuliza, kama tuulizavyo kwetu, jina lako jema nani?
Akacheka hadi kikohozi kikamkaba.
La jema ni Norman; lile baya,
waliolijua wamezikwa nalo.
Daktari Osaretin, mtu wa Benin, Nijeria,
alikuwa akipita. Akamwambia samahani.
"Kwani umenifanya nini, kijana?"
Hakumfanya kitu. Ilikuwa pole, pole ya kwao kabisa,
imevaa koti la Kiingereza
maana mlangoni hapakuwa na jingine.

Mwezi wa pili akaja mjukuu, Tamsin, kutoka Perth,
Australia, akikata maneno mikia
kama anayechambua maharage mabichi.
Babu akasema. Mjukuu akanitazama.
Mjukuu akasema. Babu akanitazama.
Damu moja, lugha moja, wote wawili wameinyonya,
na katikati yao mimi, niliyeinunua kwa risiti.

"Anasema tushike mkono," nikamwambia.
"Yaani, nishike."
Akamshika.
Nikajifanya nahesabu matone ya dripu.
Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone,
hawakutaja ugonjwa.

Jambo moja sikulitafsiri. Alfajiri ile aliniita
kwa neno la mgodini, la mtu unayechimba naye
ubavu kwa ubavu, taa zimezimika.
Lipo kiganjani. Nanawa, halitoki.

Jumapili nikampigia mama.
Umekula? akauliza.
Nimekula chambo, nikasema, likaniponyoka.
Kimya, bahari na jangwa vikipita kwenye waya.
Kisha mama:
Wa samaki gani?