Nakuunganisha

Nilikuwa na matundu thelathini na moja ukutani,
kila tundu nyumba moja, kila nyumba na paa lake la nyasi,
na mezani waya kumi zenye vichwa vya shaba.
Visiwa vya Faroe, mwaka ule kondoo walipokufa kwa theluji,
jua likichungulia saa nne, saa tisa limeshaaga.

Siku nilipoajiriwa mama alinifunga kitambaa, akasema:
"Masikio yako yamepewa mshahara, Elspa.
Ulimi wako haukuajiriwa."

Basi nikasikia. Bei ya sufu. Mimba kabla ya pete.
Nani hajalipa dukani, nani analia akidhani simu imekatika.
Vyote nilivishika mdomoni kama kiazi cha moto:
kutema aibu, kumeza maumivu.

Kisha Malena, namba kumi na tisa, akimwambia Hansina:
"Yule wa simu, si ndiye aliyeacha dirisha wazi
usiku wa homa ya mwanawe?
Baridi ndiyo iliyomuua mtoto. Baridi na mama."

Ningeweza kuondoa sikio. Sikuondoa.
Nilisikiliza mpaka walipoagana, mpaka waya ikabaki na upepo tu.
Hiyo niiungame kwanza.

Siku kumi na moja nilifuma jibu.
Nalifuma jioni, nalifumua, nalifuma upya,
fupi, safi, lenye ncha.
Nilijua jambo lake moja; nililisikia kwenye waya hizihizi.
Jumapili nikaketi nyuma yake kanisani
nikaimba beti zote nne,
na jibu langu limejikunja chini ya ulimi,
joto, likingoja zamu yake.

Usiku wa kumi na mbili kifuniko cha kumi na tisa kikaanguka: tak.
"Daktari. Daktari wa ng'ambo. Jákup hapumui vizuri,
anabweka kama mbwa wa baharini."
Hakusema Elspa. Sikusema Malena.
Nyuma ya sauti yake nilimsikia mtoto akivuta hewa
kama mtu anayeburuta mnyororo.

Ulimi hauna mfupa, ndivyo wasemavyo.
Wangu usiku ule ulikuwa na kucha.
Jibu lilisimama, limevaa, limeshika komeo la meno.
Bwana, sikukuomba neno zuri. Sikuwa na imani ya kufika huko.
Nilikuomba lile moja lisitoke.

Likatoka lingine, la kazini,
nililolisema mara arobaini kwa siku bila kulisikia:
"Nakuunganisha."

Na waya ikiita ng'ambo, ikiita, bila mtu kupokea,
nikasikia mdomo wangu ukiongeza:
"Mfungulie dirisha. Mwegeshe wima, apate hewa ya baridi.
Wangu ilimsaidia, kwa muda."

Kimya.
Kisha, mbali, komeo likifunguliwa,
na upepo ukiingia chumbani mwake ukanifikia sikioni.

Daktari alivuka alfajiri. Jákup sasa ana ndevu.
Malena hakuniomba radhi, wala mimi sikumwambia nilisikia.
Aliacha mlangoni paja la kondoo lililokaushwa,
limefungwa kwa gazeti, bila barua.
Nyama yetu haitiwi chumvi; upepo huitosha.
Neno sivyo. Neno lisilo chumvi huoza mdomoni,
nami najua harufu yake.

Siku hizi kila mtu hujipigia mwenyewe.
Meza yangu iko ghalani, panya wamekula matundu.
Lakini mtu akiniudhi, vidole hutafuta waya
kabla mdomo haujafunguka.

Lile jibu bado ninalo, Bwana.
Halijaota kutu.
Hulitazama kila jioni,
kisha nalirudisha mikononi mwako, ncha ikielekea kwangu.