Saa Nane na Dakika Nane

Tangazo lao nililibandika kwa mkono wangu
ubao wa mbele, ofisi ya Mkuu wa Wilaya, nyuma ya kioo kilichopasuka:
Shen Haobo, mpima barabara, kambi ya Nala.
Damari Chidawali, mkulima wa zabibu, Hombolo.
Siku ishirini na moja, mwenye pingamizi aseme.
Hakusema mtu.
Kalenda ndiyo iliyosema.

Maana mama yake Haobo, huko aliko,
ana kitabu chekundu chenye siku zote za mwaka
na kila siku ina tabia zake:
hii ya kuhama nyumba, hii ya kukata nywele,
hii usichimbe kisima, hii usizike.
Sisi siku njema huonekana asubuhi.
Yeye huiona mwaka mzima kabla,
akaizungushia duara:
nane, mwezi wa nane.
Ikipita hiyo, unafunguka mwezi wa mizimu,
na wafu wenye njaa hawaalikwi harusini.

"Nane Nane ni sikukuu," nikasema.
"Mji mzima utakuwa Nzuguni unatazama mafahali na matrekta.
Njooni tarehe nne, nina nafasi."
Haobo akaiweka kalamu mezani polepole
kama mtu aliyeona nyoka asiyetaka kumshtua.
Nne, akanong'ona, kwao hutamkwa jirani na kifo.

Sikumwambia kitu.
Mimi niliolewa tarehe nne mwezi wa nne,
kwa kuwa ndiyo siku basi la Kondoa lilipata springi mpya
na mjomba akaweza kufika.
Miaka thelathini na moja.
Mume anakoroma mpaka leo.

Mama Foibe, mzazi wa Damari, alikuwa na kalenda yake:
"Zabibu zichumwe, deni la dawa lilipwe.
Siku yoyote baada ya hapo ina baraka."
Damari akacheka ndani ya khanga.
Zabibu zilikuwa zimechumwa. Deni, nusu.

Basi nikaomba kibali, nikaomba ufunguo,
nikamwomba mlinzi asiende Nzuguni.
Likabaki la saa.
Mama akapiga simu: saa nane.
Nane ipi? nikauliza.
Nane yao ni saa mbili yetu, chai bado ya moto.
Nane yetu, huko kwao ni giza, wameshakula.
Bahati inafuata saa ya nani,
ya aliyeichagua siku au ya aliyeshika muhuri?
Simu ikanyamaza kwa muda mrefu, wa gharama.
Kisha Haobo akatafsiri, uso umefunguka:
"Anasema, mtu akiolewa Dodoma, bahati ijifunze Kiswahili."

Siku yenyewe upepo ulileta vumbi na vipaza sauti vya Nzuguni,
mnada wa mbuzi ukaingia dirishani.
Nikasoma fomu kama ilivyo, sheria haina sikukuu:
ndoa ya mke mmoja, au yenye kutarajia wengi?
Haobo akamtafsiria mama, simu imeegemezwa kwenye kopo la gundi.
Mama akauliza jambo.
Damari akajibu yeye, kwa Kichina alichookota kambini,
neno moja, na kidole kimoja juu.
Mama akacheka hadi picha ikatikisika.

Saa ya ukutani huchelewa dakika tatu.
Tukaifuata ya Haobo.
Sote kimya, mashahidi wawili, mlinzi mlangoni,
tunasubiri dakika kama watu wanaosubiri maziwa yachemke.
Sasa, akasema.
Nikagonga.

Kesho yake alikuja mzee wa Mpwapwa kuchukua nakala ya hati,
ndoa ya zamani, ya kanisani, cheti kililiwa na mchwa.
Nikagonga bila kuangalia.
Gurudumu la muhuri lilikuwa limeganda kwenye nane.
Nikamwomba radhi, nikavuta karatasi nyingine.
Akainusa ile ya kwanza, wino haujakauka.
"Tarehe hiyo ina ubaya?"
Nasikia haina, nikasema.
Nasikia ni njema.
"Basi nipe zote mbili."