Mwomba Chumvi

Mimi ndiye ninayefungua bahasha
kwenye Wakfu wa Saarelainen, ghorofa ya pili,
juu ya duka la miwani, mjini Joensuu.
Siku hizi bahasha hazina karatasi.
Maombi huingia kwa kompyuta, saa sita usiku kasoro dakika nne,
yakihema kama wageni waliokimbizwa na mvua.
Mimi bado nasema "kufungua".

Fedha zetu zilitoka kwenye buti.
Mama Hilja alitengeneza buti za mpira, nyeusi,
za kuingilia kinamasini,
na alipofariki bila mtoto
aliacha mistari miwili:
Faida iende kwa wanaotaka kujua.
Wasiulizwe sana.
Huo wa pili jopo limeusahau.

Vuokko Turunen aliomba mara ya kwanza
mwaka ule mto ulipowahi kuganda.
Chuo kikuu, idara ya biolojia, mkataba wa miezi mitano.
Alitaka kuhesabu buibui
wanaotembea chini ya theluji
(wapo; hata mimi sikujua)
na kuona kama theluji ikipungua, nao watapungua.
Bajeti yake niliisoma mara mbili:

vikombe vya mtindi, vitupu, mia nne, nitaviosha mwenyewe;
chumvi ya mitego, kilo sitini;
petroli;
mshahara, ukipatikana.

Mwomba chumvi huombea chungu chake.
Chungu cha huyu kilikuwa kinamasi kizima.

Nikamtumia ile sentensi.
Tunayo tayari, imekaa kama muhuri:
Tunasikitika, ushindani ulikuwa mkali.
Nimeituma mara elfu saba
bila kugusa hata mkato.

Mwaka wa pili mhakiki alisema wazo ni dogo.
Wa tatu, mhakiki mwingine: wazo ni kubwa mno kwa mtu mmoja.
Wazo lilikuwa lile lile.

Majira yale nikamwona dukani,
pakiti kumi na mbili za chumvi, anahesabu sarafu.
Hanijui. Nilisimama nyuma yake na maziwa yangu
nikijua tarehe yake ya kuzaliwa,
idadi ya makala zake,
na kwamba mkataba unakatika Desemba.
Nikasema: theluji imechelewa.
Akageuka: ndiyo, na hilo ndilo swali.

Mwaka wa nne akapata.
Si kwa haki, wala si kwa muujiza:
mwanafizikia mmoja alipewa kazi Uppsala,
akarudisha zake, na kikapu hakipendi kulala na kitu.
Euro elfu kumi na moja.
Kitufe nilikibonyeza mimi, nikaenda kunawa mikono, sijui kwa nini.

Misimu miwili. Kisha ripoti, kurasa tisa.
Nilitarajia buibui wapungue. Hawakupungua.
Nilikosea. Hapa chini naeleza nilivyokosea,
ili mwingine asipoteze majira yake ya baridi.

Profesa Kettunen akavua miwani.
"Yaani tumelipa tukajua kwamba hakuna kitu?"
Vijiko vikazunguka vikombeni.

Mimi kikaoni simimini neno, namimina kahawa.
Lakini nyuma yake, kwenye kabati la kioo,
zipo buti za kwanza za Mama Hilja,
zile tunazowaonyesha wageni.
Hatuwaambii kwamba zinavuja.
Nimekisoma kitabu chake cha hesabu, kwa penseli:
Jozi ya kwanza, maji kisiginoni. Sasa najua pa kuziba.

Nikaandika kwenye kumbukumbu:
Ripoti imepokelewa.
Nikakaa. Nikaongeza:
kwa shukrani.
Hakuna aliyeniamuru.

Jioni nikakuta mfuko mlangoni, na kikaratasi:
chumvi iliyobaki, kilo nne, mali ya wakfu.
Fomu zetu hazina mstari wa kupokea chumvi.
Nikaimwaga kwenye ngazi, palipoganda,
kuanzia juu hadi barabarani,
ingawa siku hizi hakuna anayepanda.