Skeli ya Moja kwa Hamsini

Ada ililipwa na mnada wa pili wa korosho,
nusu tu. Nusu nyingine iko ghalani bado,
imeandikwa kwenye stakabadhi ambayo kaka ameikunja
ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisa.
Nina miaka thelathini na nane. Darasani
anayenikaribia kwa umri ni mwalimu, naye namzidi.

Wenzangu, wale wa juzi kidato cha nne,
wanachora sebule za watu wasiowajua:
dari la jipsamu lenye ngazi tatu,
taa zilizojificha kama wadaiwa,
marumaru zinazong'aa hadi mtu aionee haya miguu yake.
Wanajua. Nawaonea wivu mstari wao ulionyooka.
Mkono wangu ulilelewa na jembe;
penseli naishika kana kwamba itakimbia.

Mwalimu Nampota akasema: tafuteni mteja.
Mteja wa kweli, mwenye nyumba, mwenye mdomo.
Ijumaa nikatoka Masasi, nikaenda Lukuledi kwa mama.

Macho ya mama yameingia ukungu.
Mtoto wa jicho, walisema Mkomaindo, wakampa tarehe.
Tarehe ikapita, wakampa nyingine.
"Mama, wewe ndiye mteja wangu."
Akacheka. "Nitakulipa nini, Fidea?"
"Majibu."
"Hayo ninayo."

Nikavuta tepu. Yeye akashika ncha ya pili,
akaibana ukutani kwa kidole gumba, kwa nguvu,
kama anayezuia ukuta usiondoke.
"Kanga mbili na dhiraa," akasema, kabla sijasoma.
Mita tatu na sentimita arobaini na tano.

Nikaanza kumwaga niliyofundishwa:
kabati hili linaziba mwanga, lihamie kule,
kitanda kilale sambamba na dirisha,
mtungi utoke njiani,
ukuta huu tuupake manjano hafifu, ule tuuache upumue.
Alinisikiliza anavyomsikiliza katekista mgeni.
Kisha akanyanyuka, akatembea.

Hatua nne, kiganja kikatua kwenye kona ya kabati.
Mbili, goti likagusa kiti,
kile chenye kitambaa alichokifuma akiwa na mimba yangu.
Akageuka. Moja na nusu, mkono ukashuka,
kata ikawa mkononi, maji yakawa kikombeni,
na sakafu ikabaki kavu.
Akanywa kwanza.
"Ukilihamisha kabati," akasema, "utanipofua."

Usiku ule niliufuta mchoro
mpaka karatasi ikaota manyoya.

Jumatatu nikapeleka chumba kile kile:
kabati pale pale, kiti pale pale, mtungi pale pale.
Kizingiti tu nimekitoa,
maana amejikwaa mara mbili tangu Kwaresma.
Kona ya kabati nimeiviringa kwa msasa.
Na ukutani, kimo cha kiuno chake, nimechora ukanda wa ukili
unaotoka kitandani hadi mlango wa uani,
msuko mpana kuelekea jikoni,
mwembamba kuelekea chooni.
Mahali pa rangi nikaandika:
atachagua mwenyewe, baada ya Mkomaindo.

Chande, kijana wa mbele yangu, akauliza kwa adabu,
"Dada, sasa ubunifu uko wapi hapo?"
Nikafungua mdomo. Neno la kitabuni halikuja.
Mwalimu aliuinamia mchoro muda mrefu,
akaupitisha kidole ule ukanda, taratibu, amefumba macho,
akadhani hatumwoni.

Nilipata sitini na moja.
Pembeni, kwa wino mwekundu:
Mistari yako bado inapinda. Nionyeshe nyumba yenyewe.

Jumamosi tunakwenda. Nimempigia mama kwa simu ya jirani
kumwambia kuna mgeni, mwalimu wangu, asihangaike na kuku.
Akanyamaza kidogo.
"Mwambie viatu aviache kushoto mwa mlango.
Kulia napita mimi."