Kufuli la Chavakali

Jumamosi, saa tatu, nyuma ya karakana ya redieta, Kaloleni,
tumeketi wanne kwenye benchi moja la mvule
lililokatwa, likachomwa, likamwagiwa tindikali
na waliotutangulia kusoma.
Jelagat ametoroka hesabu za benki.
Rehmat amekuja na miwani mbili, moja juu ya nyingine.
Kijana wa Bondo, ambaye jina lake silijui bado,
anatoboa mfupa wa ng'ombe huku akipiga mluzi.
Na mimi, Mmbone, mstaafu,
niliyeshona watu miaka thelathini na mmoja wodi ya upasuaji,
nimevunja nyembe tano za msumeno kabla ya chai.

"Unausukuma," asema Adhola, mwalimu wetu,
rika la kitinda mimba wangu,
kucha nyeusi kama za fundi baiskeli.
"Msumeno hausukumwi, mama. Unaachiwa njia."
Maneno hayo hayo niliwahi kuwaambia wauguzi wageni
kuhusu sindano.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete.
Changu leo kimevikwa plasta,
na jirani yake plasta,
na gumba pia.

Leo tunayeyusha. Kila mtu aje na shaba yake, tuliambiwa,
mradi si ya wizi.
Rehmat kaleta bawaba za duka la babake, lililofungwa.
Jelagat kaleta mfereji
ulioacha kuvuja siku ulipong'olewa.
Mimi nimefungua fundo la leso
nikatoa kufuli la mlango wa mama.

Lote zima, ila mkono.
Mkono ule Amugune aliukata siku ya tatu baada ya matanga
akatia kufuli jipya, lenye funguo tatu:
wake, wa mkewe, na wa akiba.
La zamani nikaliokota jalalani, kando ya maganda ya ndizi.
Ufunguo wake ninao mimi,
tangu mama aanze kusahau milango.

Adhola akalipima kiganjani.
"Mkono ni chuma, hautakubali. Mwili ni shaba.
Una hakika? Likiingia humu halirudi kuwa kufuli."
Swali hilo nimewauliza watu wengi, fomu mkononi,
wameketi ukingoni mwa kiti.
Sikujua uzito wake ukiwa upande wa kiti.
Nikatia sahihi kwa kichwa.

Moto ukanguruma, samawati,
pembeni kijani kidogo.
"Rudini nyuma, msivute moshi huo!"
Herufi za kiwanda zikalegea kwanza,
kisha tundu la ufunguo likafumba
taratibu, kama jicho la mgonjwa
aliyekesha siku nne na sasa dawa imemwingia.
Likabaki tone moja zito linalotetemeka,
rangi ya kiini cha yai la kienyeji.

Usiniulize kuhusu wiki zilizofuata.
Tupa. Msasa. Tupa tena.
Vumbi la shaba puani, kwenye chai, kwenye mshono wa gauni.
Pete ikatoka imepinda,
na ubavuni ina kishimo, pumzi ya hewa iliyonaswa,
panatosha ncha ya sindano.
Rehmat akasema pazibwe kwa ushanga.
Adhola akasema yeye angeziba kwa risasi, dakika mbili.
Akaniangalia, akazima gesi.
Hapakuzibwa.

Jumapili kulikuwa na kikao cha shamba, Chavakali.
Kufuli jipya linang'aa mlangoni, kubwa kama ngumi ya mtoto.
Wifi akapakua ugali na mrenda.
Amugune alikuwa akitaja mipaka,
mti hadi mti, jiwe hadi jiwe,
mara macho yake yakashuka yakatua kidoleni pangu.
Akaisahau hesabu ya mawe.

"Nzuri hiyo. Umeitoa wapi?"

"Hapa hapa nyumbani," nikasema,
nikanyoosha mkono niongezewe mboga.