Upande wa Pili

Mutisya aliniuzia santuri kule Kariokor, mia nne.
"Usianze na upande wa kwanza," akanionya.
Nikaanza nao. Saksafoni ikalia
kama bati linaloburutwa juu ya lami.
Nyaboke wa chumba cha tano akagonga ukuta:
"Nani anachinjwa huko?"

Nikageuza upande wa pili.
Stima ikapotea.

Iliporudi, saa nane usiku, sahani ikazunguka yenyewe,
na kabla ya sauti yoyote, pumzi:
mtu anavuta hewa, anameza mate,
anasita.

Wimbo wenyewe bado sijauona uliko.
Ila kusita kule si kugeni kwangu.
Ndivyo nilivyosimama mlangoni kwa baba
baada ya miaka sita,
kiatu kimoja nimekwishavua,
nikitafuta neno la kuanzia.