Bei ya Namkopi

Tulikutana ghalani, saa moja ya usiku,
kwa sababu ofisi ya klabu ni daftari langu
na daftari langu hulala juu ya mizani ya chama cha msingi.
Wapiga kura kumi na watatu, tumekalia magunia ya korosho,
ukungu wa Kitangari ukiingia mlangoni
kama mtu asiyelipia kadi ya uanachama.

Ajenda moja: Nanyamba wanamtaka Hashili Namkopi,
beki wa kati, miaka thelathini na sita
(mwenyewe husema thelathini na mitatu, cheti kilipotea).
Wanatoa pikipiki iliyotumika,
jezi kumi na tano zenye jina la duka la mtu,
na kijana wa mguu wa kushoto, Chilumba,
ambaye bado anafuliwa soksi na mama yake.

Mwenyekiti Likumbo akafungua kwa hesabu:
"Goti lake lina dakika sitini. Sisi tunalipia tisini.
Nani hununua gunia
huku anajua theluthi yake ni maganda?"

Mkadimba, mshona nyavu za magoli, akasimama:
"Kangomba hiyo! Mnampima mtu kwa bakuli
kwa kuwa njaa ya Februari imebisha hodi.
Msimu ukifika mtajiuma vidole.
Nani alisimama Tandahimba tukiwa tisa?
Nani aliutoa mpira mstarini kwa kichwa,
akazimia, akazinduka anauliza zimebaki ngapi?"

"Mwaka gani huo?"
Mtu akahesabu kwa vidole, akaongeza mkono wa pili.
Ilikuwa kabla ya lami.

Ndipo bwana shamba Mtopela, aliyefuata chai tu,
akasema mkorosho mzee haung'olewi:
unakatwa juu, unabebeshwa kikonyo kichanga,
shina lile lile linaendelea kulisha.
"Mchukueni kijana, na huyu mbaki naye."
"Kwa fedha ipi?" tukauliza wote kwa pamoja.
Akarudi kwenye chai yake.

Mimi Somoe sikusema kitu. Kazi yangu mchana
ni kupasua korosho katikati kwa kisu,
nitazame kiini: cheupe, cha njano, cheusi.
Daraja la kwanza. La pili. Rudi nayo nyumbani.
Wakulima hunikodolea macho nikipasua,
nami nimejifunza kutokuwa na uso.
Lakini mtu hapasuliwi.

Gunia la nyuma likakohoa.
Kumbe Namkopi alikuwapo tangu mwanzo,
gizani, mguu mmoja kaunyoosha.
"Hiyo pikipiki," akasema, "matairi yake vipi?"

Hakuna aliyejibu.

"Msiichukue. Naijua, ni ile ya Mchopa, inakunywa oili.
Kijana mchukueni. Mwezi wa nane alinipita mara mbili.
Ya kwanza nikasingizia utelezi.
Ya pili uwanja ulikuwa mkavu.
Jezi dai ishirini, zile za bei rahisi huchanika kwapani.
Na pampu ya mipira. Pampu msisahau."

Aliongea kama mtu anayemsaidia jirani kuuza mbuzi,
mbuzi wa jirani.
Kisha akapanda kwenye mizani ya magunia,
akaniambia, "Soma."
Sabini na nne na nusu.
"Toa goti," akasema, na watu wakacheka,
wakacheka kupita kiasi, hadi Mkadimba akatoka nje.

Kura sita auzwe. Sita asiuzwe.
Ya kumi na tatu ni yangu.
Nimeandika pikipiki, nikaikata.
Nimeandika pampu, nikaipigia mstari.
Mlinzi anagonga funguo, taa ya ghala huzimwa saa tatu,
na wote wananitazama kama nimeshika kisu.

Namkopi hanitazami. Anafunga kamba za viatu,
viatu vya kawaida, vya kurudia nyumbani,
na kuinama tu
kunamchukua muda.